Mablanketi Arobaini

Mimi hasira nilizaliwa nayo, na sitaomba radhi kwa kitu ambacho mama yangu alinipa pamoja na maziwa. Lakini kumnunia mtu miaka miwili, hiyo si hasira tena, hiyo ni ajira, na mimi niliifanya kwa bidii kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya katika landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli pale Nakuru. Niliyemnunia ni Eucabeth, bibi ya Odero. Nyumba yake na yangu ziligawana ukuta mmoja. Akikohoa, nasikia. Akikwangua ukoko wa sufuria, nasikia. Na asubuhi tukikutana bombani, nampita kama vile hakuna mtu.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba. Usharika wetu wa Kilutheri ulikuwa unatimiza miaka mitano tangu watu tisa walipokusanyika chumbani kwa mwinjilisti Micah, wakaimba wakiwa wamekalia masanduku. Sasa tulikuwa zaidi ya sabini, tuna kanisa la mbao lenye mabati, na Mchungaji, ambaye alitujia mara moja kila miezi minne kutoka Nyanza, alikuwa amekubali kuja kutugawia Meza ya Bwana Jumapili hiyo ya sikukuu. Wanawake tulikuwa tumeshaanza kugombania nani apike mchele.

Mimi hiyo Meza sikuwa nimeikaribia kwa miaka miwili. Micah alikuwa na desturi yake: kabla ya ibada alisimama mlangoni akauliza kila mtu mzima, "Kuna neno kati yako na mtu?" Wengine walidanganya. Mimi uongo siuwezi, na hata ningeuweza, landi nzima ilijua. Kwa hiyo kila Mchungaji alipokuja nilibaki benchi la nyuma na watoto, mwanamke mzima, mume wangu Nyongesa akienda mbele peke yake na kurudi bila kunitazama. Iliniuma. Nilikuwa na njaa ya ule mkate, haki ya Mungu, na kiburi changu kilikuwa kimenishika leso nisisimame.

Tena safari hii kulikuwa na jambo lingine. Odero alikuwa amepewa uhamisho kwenda Voi, na Jumatatu baada ya sikukuu gari la moshi lilikuwa limchukue yeye na bibi yake.

"Nekoye," Nyongesa akaniambia, "huyu mtu akienda kabla hamjasema, hilo neno utalimaliza na nani? Na ukuta?"

Nikamwambia amalize ugali wake.

Sasa mjue kosa la Eucabeth. Nilikuwa na mtoto wa kike, Nafula. Eucabeth hakuwa na mtoto, na huyo wangu alimpenda kupita kiasi. Nikishikwa na malaria, ni yeye aliyembeba mgongoni, ni yeye aliyemlisha uji, mpaka mtoto akawa akisikia sauti yake anatupa mikono. Halafu Nafula akapata kichomi. Tulilala hospitali wiki tatu, akafa akiwa na miezi minane. Landi yote ilikuja kwangu. Hata yule karani aliyekuwa amegombana na Nyongesa alikuja, akavua kofia. Eucabeth, aliyekuwa hapo nyuma ya ukuta, hakuja. Siku ya kwanza hapana, kaburini hapana, siku ya pili hapana. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, wahenga walisema, na kwetu mtu asiyefika kwenye msiba wako amekwambia kitu. Mimi nilikisikia vizuri.

Basi. Micah alisimama kanisani wiki moja kabla ya sikukuu akasema, "Miaka mitano Mungu ametulisha. Sikukuu si tumbo peke yake." Akatangaza kwamba Jumamosi tutafua mablanketi ya wadi ya Waafrika pale hospitali, arobaini, ili wagonjwa nao waamke Jumapili wakiwa na kitu safi. Wanaume watayaleta kwa mkokoteni na kuchota maji, wanawake tutafua. Kibali cha kukusanyika alikuwa ameshakipata, maana siku zile za Hali ya Hatari hata watu wa kufua walihitaji karatasi.

Kama hujawahi kufua blanketi la hospitali, usinidharau. Likilowa linakuwa zito kama ndama. Unalikanyaga kwa miguu ndani ya karai na sabuni ya mche, unalisuuza, halafu linakuja jambo la kulikamua, na hapo mtu mmoja hawezi. Lazima wawe wawili, kila mmoja ashike ncha yake, wavutane, na wasokote kinyume, mmoja huku na mwingine kule. Na lazima wawe wa kimo kimoja, la sivyo maji yote yanamwishia mfupi tumboni.

Mkubwa wa wanawake alikuwa Jepkorir, mtu wa Njoro, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Asubuhi hiyo akatusimamisha mstari pale bombani akatupanga kwa urefu. Warefu kuliko wote tulikuwa wawili.

"Nekoye. Bibi ya Odero. Shikeni hili."

Kelele zote zikakatika. Mtu mmoja akafunga bomba.

"Mimi nitakanyaga," nikasema.

"Utakamua. Mimi sikuuliza unampenda nani, nimepima urefu."

Tukalishika. Mimi nikasokota huku. Eucabeth naye akafuata mkono wangu hukohuko, na blanketi likazunguka zima zima bila kutoa hata tone.

"Kinyume!" Jepkorir akapiga kelele. "Mmekuwa kinyume miaka miwili, leo ndio mnataka kukubaliana?"

Wanawake wakaangua kicheko. Na mimi, aibu gani hii, kicheko kilinitoka puani kabla sijakizuia. Nikafyonya haraka kukifunika.

Tukafanya la pili, la tatu, la tano. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma na ule unga wake wa magadi, na kila blanketi lililokamuliwa lilichukuliwa kuanikwa kwenye ua wa reli upande ambao upepo haufiki. Mikono haijui kununa. Nikirudi nyuma hatua moja, yeye anarudi. Nikivuta, anashika. Hatukusemezana hata neno, lakini tulikuwa tunawashinda wengine wote, na jambo hilo lilinikera sana.

Blanketi la saba lilikuwa kama mengine, la kijivu, mstari mwekundu katikati. Lakini nilipolikunjua likanipiga na harufu ya dawa ya hospitali, ile yenyewe, na mikono yangu ikakataa kufanya kazi. Nilisimama hapo nimelishika tu. Nilikuwa nimekaa wiki tatu na harufu ile, nikivuta mstari mwekundu mpaka kwenye kidevu cha mtoto wangu.

Eucabeth akaona.

"Ni kama lile la Nafula," akasema polepole.

Wee! Nilipanda juu kama maziwa. "Usilitaje jina la mtoto wangu! Usilitaje kabisa! Ulikuja hospitali mara moja ukarudi kulala. Kumzika hukuja! Hatua tatu, Eucabeth, kutoka mlango wako mpaka wangu ni hatua tatu, watu walitoka Molo wakafika, na wewe hukufika!"

Hakuachia ncha yake. Maji yalikuwa yanamdondokea miguuni na yeye amesimama. Alipojibu, alijibu kwa sauti ya chini, nisikie mimi peke yangu.

"Sikuweza kusimama. Asubuhi ile mliyomleta Nafula kutoka hospitali, mimi nilikuwa chini sakafuni. Wangu alikuwa ametoka."

"Wako nani?"

"Nilikuwa mjamzito, mwezi wa tano. Wawili walikuwa wametoka kabla ya huyo, na mama ya Odero akaniambia safari hii nifunge mdomo, nisiseme hata kwa rafiki, mpaka tumbo liseme lenyewe. Na wewe ulikuwa hospitali, hukuliona tumbo. Ningekuja kwako kusema nini, Nekoye? Wewe ulikuwa unamlilia mtoto mwenye jina, mwenye meno mawili. Mimi nikuletee nini, damu? Siku ya tano nilijikokota mpaka mlangoni kwako. Unajua ulichofanya."

Nilijua. Nilimfungulia, nikamwona ni yeye, nikamfungia mlango usoni. Na nilijivunia. Niliwasimulia watu bombani vile nilivyoubamiza.

Na kuna jingine ambalo sikuwahi kumwambia mtu, hata Nyongesa. Siku ile ya kwanza ya msiba nilimsikia Eucabeth akigumia nyuma ya ukuta. Nilimsikia vizuri kabisa, sauti ya mtu mwenye maumivu. Nikasema moyoni mwangu, na agumie, hata mimi naumwa.

Nililiachia blanketi likaanguka kwenye matope. Jepkorir alifungua mdomo anigombeze, akatutazama, akaufunga. Nikaondoka pale, na najua wote walidhani nimeondoka kwa hasira kama kawaida yangu.

Nilifika nyumbani nikanawa uso na miguu. Nikavua nguo ya kufulia, nikavaa gauni langu la kanisani nililokuwa nimelipigia pasi kwa ajili ya kesho, nikajifunga leso kichwani. Nikapima majani ya chai kwenye karatasi, na sukari kwenye karatasi nyingine, vile mtu hufanya akienda kwa waliofiwa. Nilipotoka, nikaona Eucabeth ameacha kazi na mlango wake umeegeshwa. Nikahesabu zile hatua. Kweli zilikuwa tatu.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni jirani. Nimesikia hapa kuna msiba."

Nikangoja. Mlango ukafunguliwa, na yeye alikuwa bado na nguo zilizolowa, amenitazama kama mtu asiyeamini. Ndani, masanduku yao yalikuwa yameshafungwa kwa kamba tayari kwa Voi, hakuna kiti, hakuna chochote. Tukakaa chini sakafuni, na kwa msiba ndivyo inavyotakiwa.

"Pole, mama," nikasema, nikamwekea zile karatasi mikononi.

Mimi katika matanga huwa sikosi maneno. Huwa nasema marehemu alikuwa mkarimu, hata kama alikuwa mchoyo wa kutupwa. Lakini utasema nini juu ya mtu ambaye hakulia hata mara moja? Basi nikamuuliza.

"Nisimulie. Alikuwaje?"

Eucabeth akaziweka zile karatasi mapajani.

"Alikuwa na vituko," akasema. "Mchana wote ametulia tuli. Lakini lile gari la mizigo la saa kumi likipiga honi pale stesheni, teke! Kila siku. Gari likichelewa, na yeye anachelewa. Odero akasema huyu atakuwa dereva."

"Alikuwa mvulana?"

"Msichana. Odero alimwona." Akaanza kukunja ile karatasi ya chai, akaikunja, akaikunja. "Miaka miwili, Nekoye, hakuna mtu aliyeniuliza."

Hapo nikapiga yowe. Sikulia kilio cha adabu, nililia kile kilio chetu cha msiba chenyewe, cha kusimamisha watu barabarani, ambacho jirani anatakiwa alie na mimi sikulia. Nililia kwa ajili ya yule mtoto wa gari la saa kumi, na kwa ajili ya mlango wangu. Na Eucabeth, ambaye alikuwa amelilia ndani ya leso miaka miwili ili mimi nisisikie, akafungua kinywa chake na yeye akalia kwa sauti.

Wanawake wakaja mbio, mikono ina povu. Nadhani walifikiri tunauana. Jepkorir ndiye aliyetangulia kuingia, akatukuta sakafuni tumeshikana.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Binti ya Eucabeth," nikasema.

Jepkorir hakuuliza lini. Alijifuta mikono kwenye gauni, akakaa chini karibu na mlango, akasema, "Pole, mama." Na aliyekuwa nyuma yake akaingia, akakaa, akasema vilevile. Wakaingia wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka chumba kikajaa na sakafu ikawa maji matupu. Mtu akatoka kwenda kuchemsha ile chai. Mablanketi yaliyobaki walikamua wanaume, na waliyakamua vibaya, lakini jua la Nakuru lilitusaidia na jioni yote arobaini yakarudi hospitali yamekauka.

Kabla sijaondoka, Eucabeth alinishika mkono. "Sasa na mimi," akasema. "Sikuja. Nisimulie siku zake za mwisho." Na mimi nikamsimulia Nafula, siku baada ya siku, zote ishirini na moja, na hakunikatiza hata mara moja.

Jumapili watu walikuwa wengi mpaka wengine wakasimama nje madirishani. Mchungaji alikuwa ameshavaa joho. Gauni langu lilikuwa na mikunjo na madoa ya povu, na sikujali. Micah alikuwa mlangoni kama kawaida yake, na aliponiona nakuja macho yake yakashuka, kwa sababu alikuwa amezoea jibu langu.

"Mama, kuna neno kati yako na mtu?"

Eucabeth alikuwa nyuma yangu. Nikamvuta mbele, tukasimama bega kwa bega.

"Hakuna neno, mwinjilisti," nikamwambia. "Tumefiwa."

Micah akasogea kando, tukaingia wote wawili.