Tairi la Mbele

Pikipiki ya marehemu Gosbert ilikaa mwaka mzima ukumbini, imeegemezwa ukutani, na tairi zake zikaoza kwa kusimama tu. La nyuma lilipasukapasuka ubavuni. La mbele lilikaa chini kabisa, rimu ikagusa sakafu. Balbina, mjane wake, aliifuta vumbi kila Jumamosi, na mgeni akiuliza habari zake, alisema ipo tu.

Ilikuwa Honda ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa lami. Madigadi yake, yale mabati ya kukinga tope juu ya tairi, yalikuwa chini mno, yameulalia mpira. Nani aliyeileta Ifakara, mahali ambapo miaka hiyo lami ilikuwa jambo la kusimuliwa na wasafiri, usiniulize. Gosbert aliinunua hivyo hivyo, akawa anabebea samaki kutoka Kivukoni, mkewe anauza sokoni, na nyumba ikaenda.

Sasa, ukoo ule ulikuwa na desturi yake. Mwaka wa msiba ukiisha watu wanakaa, vitu vya marehemu vinagawanywa, na kila chombo kinakwenda kwa anayekiweza. Wavu kwa anayevua, cherehani kwa anayeshona. Hakuna cha mjane wala cha kaka. Unakiweza, chukua. Hukiwezi, kaa kimya ule wali wako.

Kwa hesabu hiyo pikipiki ilikuwa ya Telesphory, mdogo wake marehemu. Watu walisema hivyo, na Telesphory mwenyewe aliwazidi kwa kusema. Tangu Krismasi alikuwa akitangaza safari za Chita na Sanje ambazo hakuna aliyemtuma. Balbina alisikiliza, akapika, akaosha vyombo. Alijua kwamba pikipiki ikitoka, biashara ya samaki haitafufuka tena, na yeye atarudi Mahenge kwa kaka zake, kula kwa ruhusa ya mawifi. Jambo hilo lilimtia hofu kuliko alivyomwambia mtu yeyote.

Na kulikuwa na siri. Miaka yake miwili ya mwisho Gosbert alikuwa haoni vizuri. Mtu akimsalimia alitambua sauti, si sura. Lakini mwanamume yule alikuwa na maringo yake, jamani! Alfajiri alitoka nyumbani yeye mbele, mkewe nyuma na tenga mgongoni, wakaenda hivyo mpaka kona ya mashine ya kukoboa mpunga, njia aliyoijua hata usingizini. Pale nyumba zilikwisha. Wakabadilishana. Balbina alivaa suruali ndani ya kanga, koti la mumewe juu, kofia ngumu kichwani, akashika usukani hadi karibu na kivuko. Wakati wa kurudi, wakifika tena kwenye ile kona, alisimamisha, akasogea nyuma, Gosbert akapanda mbele, wakaingia mjini mume anaendesha, mke ameshika kiuno. Wala hakuna aliyeshtuka.

"Usije ukanifanya kichekesho, Balbina," alimwambia wiki aliyokufa. Naye akaahidi. Sasa ahadi ile ilikuwa imemfunga.

Mzee Raimundi, baba mdogo wa Gosbert, ndiye aliyesimamia mgawanyo. Alisema chombo hakigawanywi kikiwa kimelala. Zinunuliwe tairi kwanza, ndipo ijulikane nani anaiweza. Akawatuma Balbina na Telesphory kwa Ndaki.

Ndaki alikuwa Msukuma aliyeingia bondeni na ng'ombe, akaishia kuuza vipuri. Duka lake lilinuka mpira mpya mpaka barabarani. Alining'iniza tairi za aina mbili: za meno makubwa, ambazo Ifakara nzima ilizitaka, na za mistari, ambazo zilikaa mpaka vumbi likawa rangi yao.

"Meno mbele, meno nyuma," Telesphory alisema hata salamu haijaisha. "Mvua za mwaka huu si mchezo. Huko redioni wanaziita Elnino."

"Nyuma sawa," Balbina alisema. "Mbele tuweke ya mistari, shemeji."

"Mistari! Tope lile la mbuga uliingie na mistari? Shemeji, unataka nife?"

"Marehemu alikuwa anaweka mistari mbele."

"Marehemu alikuwa mtu wa polepole. Mimi natembea."

Balbina aliliangalia lile tairi la meno. Angeweza kumweleza. Tope jeusi la njia ya Kivukoni halitelezi tu, linanata. Linashikwa na meno, linapandishwa chini ya madigadi, linashindiliwa humo mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Tairi la mistari linayumba, linakutoa jasho, lakini tope halipati pa kushika, linadondoka. Alilijua hilo kwa mikono yake. Lakini akisema, ataulizwa mikono hiyo iliifahamu lini.

Ndaki alichoka kusubiri. "Mama, chukueni yote. Litakalobaki bila kuguswa na tope, nirudishieni."

Basi Telesphory akafunga meno mbele na nyuma, akapiga picha kando ya pikipiki, na lile la mistari likasukumwa chini ya kitanda cha Balbina.

Siku ya mgawanyo iliwakuta mvua imenyesha kutwa nzima ya jana yake. Mzee Raimundi alikaa barazani na wenzake, akatoa sharti lake.

"Anayeitaka aende Kivukoni, arudi na samaki. Tukimwona samaki tutajua mtu kafika."

Watu wakacheka, kwa kuwa kitoweo kilikuwa kimepungua kweli. Telesphory aliwasha, akaingurumisha mpaka kuku wakakimbilia uani, akaondoka. Vigelegele vikapigwa.

Alirudi jua limeshapinda, kwa miguu. Vijana wawili waliinyanyua pikipiki mbele, yeye anasukuma nyuma. Gurudumu la mbele halikuonekana, lilikuwa bonge la udongo mweusi lililojaza madigadi yote. Samaki hakuwepo. Viatu pia havikuwepo.

"Hakuna njia," Telesphory alisema. "Leo hapiti mtu, hata trekta. Na hili ni bovu, nawaambieni. Nitaliuza, nipate kitu cha maana."

Neno hilo ndilo lililoharibu mambo. Balbina alikuwa ameshika sufuria ya wali, akaiweka chini. Alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni. Mwaka mzima ameifuta vumbi, halafu iuzwe!

"Yupo mwingine anayeiweza?" Mzee Raimundi aliuliza, kwa kutimiza desturi tu, huku akitafuta ugoro wake mfukoni.

"Nipo mimi, baba."

Baraza zima likacheka. Wifi yake mmoja alicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe, mkamwana? Umejifunzia wapi?"

Balbina alitazama sakafu. Kisha akasema wazi. "Macho ya Gosbert yalikuwa yamekwisha, baba. Miaka miwili mimi ndiye niliyekuwa naendesha. Yeye alikuwa anakaa nyuma."

Hakucheka mtu tena.

"Unamsingizia marehemu!" Telesphory alifoka. "Kaka yangu abebwe na mwanamke? Mchana kweupe unamvua nguo aliye kaburini?"

"Mwache," Mzee Raimundi alisema. "Samaki atasema."

Balbina aliingia ndani, akalivuta lile tairi chini ya kitanda, akatoka na boksi la spana. Alichokonoa tope kwa mti wa fagio, akafungua gurudumu, akabandua tairi la meno kwa vyuma viwili, akatazama tyubu kama ina jeraha, akavisha la mistari, akajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyeondoka barazani. Alipomaliza alivaa suruali ya Gosbert, koti la Gosbert na kofia, akapiga kiki. Akaenda.

Njia ilikuwa mbaya kama Telesphory alivyosema, tumpe haki yake. Pikipiki iliyumba huku na huku, akaburuza miguu pande zote mbili, mara moja akalala nayo kwenye majani na kuinuka. Lakini gurudumu la mbele lilizunguka. Tope lilipanda, likadondoka, likapanda, likadondoka. Kivukoni wavuvi walimpa pole ya mwaka mzima na samaki mkubwa aina ya kitoga, akamfunga nyuma ya kiti, akageuza.

Akarudi akiwa amechoka sana, hawazi kitu ila njia. Alipofika kwenye kona ya mashine ya mpunga, akasimamisha. Akaweka mguu chini. Akasogea nyuma ya kiti, karibu na samaki, akaacha nafasi mbele.

Akangoja.

Injini ilikuwa inanguruma taratibu, usukani hauna mtu. Ndipo alipoelewa anangoja nini. Alilia pale pale juu ya pikipiki, ndani ya ile kofia, kilio ambacho mwaka mzima wa msiba hakikuwa kimetoka.

Mwanamke aliyekuwa akipepeta mchele mlangoni pa mashine alimtazama, akaacha ungo wake.

"Shikamoo, mama. Kuna mtu unamsubiri?"

Balbina alivua kofia akajifuta uso, akamwacha mwenzake amtazame vizuri.

"Marahaba," alisema. "Nilikuwa namsubiri."

Kofia akaitundika kwenye usukani. Akasogea mbele, akatia gia, akaingia mjini kichwa wazi.