Neno Nililolisema Juu ya Ngazi

Baba alikuwa ameshika ngazi kwa mikono miwili nilipomwambia. Mimi nilikuwa juu, kwenye dirisha la ghorofa, nimemaliza kuchomelea upande mmoja wa grili na bado sijavua miwani nyeusi. Labda bila miwani ile nisingethubutu.

Asubuhi nzima alikuwa akiongelea Jumapili. Wazee wa kanisa walikuwa wamekubali nisimikwe kuwa shemasi, na mama alishanipigia pasi shati jeupe.

"Nitakaa kiti cha mbele," baba alisema kutoka chini, "nione kama watakuwekea mikono vizuri au watakubonyeza kama embe la sokoni." Akacheka mwenyewe.

"Baba, usikae kiti cha mbele. Nimeamua kusilimu."

Ngazi ilitikisika. Nilitazama chini nikaona kipara chake, kimejaa vumbi la chuma. Hakuinua uso. Nilisubiri matusi. Nilisubiri mikono iachie, nayo haikuachia.

"Maliza kazi ya watu," alisema.

Nikamaliza. Upande ule ulijaa matuta, kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Siku nyingine baba angenipandisha tena. Siku ile alikusanya nyaya za mashine, akatangulia nyumbani.

Sikuwa nimeamka tu nikaamua. Ilianza kwa mabishano ya dini na fundi makochi, jirani yetu wa karakana. Nilitaka kumshinda, na ili nimshinde nikaazima vitabu vyake. Nikasoma hadi nikasahau kubishana. Mchana mmoja adhana ilisikika nikiwa peke yangu, nikajikuta nimeweka nyundo chini ninasikiliza, machozi yananitoka, na hapakuwa na moshi wa kusingizia. Nilipomweleza fundi makochi, hakushangilia. Alisema, "Waambie wazazi wako kwanza. Usisilimu kwa kunyata, kama mwizi wa kuku."

Nilipofika nyumbani mama alikuwa sebuleni, anakunja nguo. Baba hakukaa.

"Mwanao ana neno," alimwambia. Asubuhi nilikuwa mwanetu.

Nililisema tena. Mama alianza kwa kucheka, maana nyumbani kwetu yeye ndiye mwenye utani. "Haya, na mimi nahama. Tuone nani atawapikia." Kisha akamtazama baba, na kicheko kikakatika.

"Ni mwanamke?"

"Hapana, mama."

"Heri angekuwa mwanamke," baba alisema, ametupa mgongo, anaangalia nje dirishani. "Mkwe mtu humzoea."

"Tulikunyima nini?" mama aliuliza.

"Hamkuninyima kitu. Ninyi ndio mlionifundisha kumcha Mungu, na..."

"Usinigeuzie maneno yangu!" Sauti ilimpasuka. Akaokota soksi, akaiacha. Aliponena tena alinena taratibu, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. "Siku nikifa, utanizika?"

"Nitakuzika, mama. Nitaingia kaburini mwenyewe nikupokee."

"Utaniimbia?"

Ni yeye aliyenifundisha kuimba, nikiwa mdogo hadi nikalazimika kusimama juu ya kiti ili nikione kitabu cha nyimbo. Katika misiba yote ya mtaa tuliimba pamoja. Sikutaka kumdanganya, na jibu la kweli sikulijua. Baba aligeuka akanitazama, naye pia anasubiri.

Mama alivuta shati langu jeupe kutoka kwenye lundo. Akalikunja, akalikunja tena, hadi likawa dogo kama leso. Akaingia nalo chumbani na kufunga mlango.

Jumapili walikwenda bila mimi. Nilikuja kusikia kwamba baba alisimama mbele ya watu wote akasema, "Mwanangu hatakuja," na alipoulizwa kama ninaumwa, akajibu hapana, akakaa. Wiki ile nilitamka shahada, fundi makochi yuko kulia kwangu.

Kuanzia hapo baba na mimi tulifanya kazi kama mabubu. Nipe nyundo. Zima mashine. Basi. Nyumbani mama aliomba kwa sauti chumba cha pili, akinitaja jina ili nisikie. Hadi leo anaomba nirudi, na ameniambia hataacha. Nami sijamwambia aache.

Kisha ikaja Ijumaa moja. Nilikuwa njiani kwenda msikitini nikakumbuka simu, nikarudi. Nilipofika nyuma ya mabati ya karakana nilisikia sauti ya mzee mmoja wa kanisa, amekuja kuangalia geti lake.

"Kijana wako yuko wapi leo?"

Baba alikuwa akigonga chuma. Akaacha kugonga.

"Ameenda kusali."

"Kusali? Kule kwa..."

"Mzee, nimekwambia ameenda kusali. Lete hiyo futi, tulipime geti lako."

Nikaiacha simu, nikaondoka kwa kunyata.