Uso wa Kicheko

"Kama ni hospitali, nenda peke yako," alisema mshonaji, akivuta zipu ya begi lake. "Mimi safari yangu ya kwa dada iko palepale, na sijui nitarudi lini."

Mumewe, fundi viatu, alikuwa amesimama katikati ya chumba, shati wazi. "Vifungo," alisema, kwa ile sauti yake ya siku hizi, kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. "Vidole havinisikii."

Mke alimfunga vifungo bila kumtazama. Lakini kile kifungo cha kifuani kilipochelewa kuingia, mkono wa mume ukamgusa, nao ulikuwa ukitetemeka. Akachukua mtandio, wakaongozana.

Zamani mtaa mzima ulimwita Kicheko. Walifanya kazi kibaraza kimoja, mke na cherehani, mume na kigoda, na mwanaume huyo alikuwa akicheka huku ameuma misumari ya soli midomoni. "Utaimeza hiyo, niwe mjane kwa ujinga," mke alikuwa akimfokea, naye akazidi kucheka, mabega yakiruka. Kisha mwaka jana uso ule ukafungwa kama duka lililohamwa. Amshonee shati jipya, uso uleule. Amtanie, uso uleule. Huyu amenichoka, mke akaamua, naye akalipa kununa kwa kununa.

Daktari, binti wa rika la mtoto wao wa mwisho, alimwambia fundi agonganishe kidole gumba na cha shahada, upesi upesi. Vikaanza vizuri, vikazubaa, vikasimama.

"Mama, ubongoni kuna kemikali inayopeleka ujumbe. Inaitwa dopamini. Kwa baba imepungua sana, ndiyo maana mwili ni mzito na sauti imeshuka. Hata hamu ya mambo aliyoyapenda hufifia."

"Na uso?"

"Uso nao ni misuli. Anaweza kuwa na furaha tele ndani, nje usione kitu. Dawa hazitaponya, ila zitamsaidia."

Walipofika kibarazani mshonaji alimkalisha mumewe kwenye kigoda, akabaki amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Mwaka mzima, baba watoto. Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Ulipokuwa ukinitania, nilikuwa nacheka." Alivuta pumzi. "Nilidhani unaona."

Mke akageuka, akajifuta macho kwa pembe ya mtandio, akageuka tena.

"Uliniita gogo," mume akaendelea. "Mbele ya wateja. Niombe radhi."

Uso wake haukusema lolote. Mke aliinama, akausogelea karibu kabisa, akachungulia machoni kama anayetafuta tundu la sindano, mpaka akakiona kicheko alichokuwa akikitafuta.

"Siombi," alisema. "Nilikuwa naugombania huo uso wako, ni wangu. Ukiufunga tena nitagomba tena, wateja wawepo wasiwepo. Siombi, na usisubiri niombe."