Maji ya Kisima cha Walii

"Mama Waqar, kwani siku hizi hata dua inavaa barakoa?"

Jirani yangu Parveen aliniuliza hivyo akiwa dirishani, upande wa uchochoroni, maana ndani nilikuwa siruhusu mtu kuingia. Nilikuwa nimekaa mbali kidogo na kitanda cha mjukuu wangu Mahrukh, nikisoma Ayatul Kursi. Nilipomaliza nikampulizia, kama nilivyowapulizia watoto wangu wote tangu wachanga. Pumzi ikagonga kitambaa cha barakoa, ikapanda juu, ikatia ukungu miwani yangu. Mtoto hakupata kitu.

Nilicheka, Parveen naye akacheka, akaenda zake kuanua nguo. Swali lake akaniachia mimi.

Mahrukh alikuwa na saratani ya damu. Hospitali walimpa dawa kali mpaka damu yake mbovu ikaisha, kisha wakamtia uboho wa kaka yake. Siku tuliyoruhusiwa kurudi nyumbani, Sista Rubina alinikalisha akanieleza taratibu, maana mimi shule yangu ni ya msingi tu.

"Bibi, askari wa mwilini mwake wamekwisha wote. Hawa wapya ni watoto wachanga, hata fimbo hawajui kushika. Mafua ya kwako wewe ni kupiga chafya. Ya kwake yeye yanaweza kuwa kaburi."

Basi akanitajia: chakula kiive kabisa, mtindi wa sokoni hapana, maua hapana, wageni hapana, maji yachemke mpaka yaruke. Na pumzi ya mtu isimfikie usoni.

"Hata ya dua, Sista?"

Akainamisha macho. "Soma, Bibi. Usipulize tu."

Neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo. Kama maneno ya Mungu yanaponya, yatabebaje ugonjwa? Na kama mdomo wangu una uchafu, si ndio huohuo ninaoyasomea? Sikupata wa kumuuliza. Mkwe wangu, mama yake Mahrukh, alikuwa kwa wazazi wake na yule kaka mtu, kwa sababu mtoto wa shule hurudi na kila kikohozi. Mwanangu Waqar yuko Sharjah kazini. Nikaendelea kuvaa barakoa na kuendelea kupuliza humohumo ndani yake, nisijue namdanganya nani, Sista au Mola wangu.

Asubuhi moja akabisha hodi wifi yangu Shamim, dada wa marehemu mume wangu. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye kaburi la walii wa ukoo wetu, safari ya basi ya usiku kucha. Aliweka nadhiri kwamba Mahrukh akitoka hospitali yu hai, yeye atatembea miguu mitupu kutoka stendi mpaka kaburini. Nilipoitazama miguu yake, nyayo zimevimba na visigino vimepasuka, nikashindwa kumrudisha.

Nilifungua mlango kwa kiwiko, nikamwonyesha na yeye afunge kwa kiwiko. Nikampa sabuni na barakoa.

"Eh, wifi! Naingia nyumba ya kaka yangu au chumba cha upasuaji?"

"Nawa tu, wifi. Panda mpaka kwenye viwiko."

"Ningejua ningekuja nimeshakoshwa na sanda juu."

Mahrukh akacheka kule kitandani. Kicheko chake nilikuwa nimekisahau. Shamim alitaka kumkimbilia, nikamzuia kwa mkono, akakaa kwenye kiti nilichomwonyesha, karibu na mlango. Kisha akatoa chupa kwenye mtandio aliouviringisha kama mtoto mchanga.

"Haya, mpe. Sijaiweka chini tangu kule."

"Maji ya kisima cha walii?"

"Kisimani penyewe. Na mzee anayetunza kaburi kayasomea, kayapulizia, kachovya na kidole."

"Hajambo yeye? Hakuwa na kikohozi?"

Shamim alinikazia macho. "Unamuulizia mtu wa Mungu mafua? Kaka yangu alioa mcha Mungu au alioa bwana afya?"

"Bibi, nina kiu," akasema Mahrukh. "Nataka ya Bibi Shamim."

Hapo nikapotea kabisa. Shamim anaamini nadhiri yake ndiyo iliyomtoa mtoto hospitali. Sista Rubina anaamini ni uboho. Mimi naamini ni Mungu, lakini alitumia mkono wa nani sikuambiwa. Nikimnyima maji haya, labda namkatia uzi uliomshika. Nikimpa, labda namnywesha kifo kwa mkono wangu, na nimesema bismillahi juu yake.

Nikaipokea chupa. Nikaibusu juu ya barakoa. Nikayamimina yote kwenye birika, nikawasha jiko.

"Unafanya nini?"

"Nayachemsha."

"Unachemsha maneno ya Mungu?"

"Nachemsha maji, wifi."

"Na baraka inakwenda wapi? Inapanda darini na mvuke?"

"Sijui."

"Hujui! Nimekanyaga kokoto zote zile ili uje uniambie hujui?"

"Sijui, wifi. Wallahi sijui."

Birika likaanza kulia. Mvuke ukatoka, na mimi, mtu mzima na mvi zangu, nikavua miwani nikauinamia kwa uso wangu, isije ikawa kuna kitu kinapotea bure. Shamim aliniona. Hakucheka wala hakutukana. Yaliporuka nikazima, nikafunika, nikalitia birika kwenye beseni la maji baridi. Tulikaa wote watatu tukilitazama lipoe, yeye kwenye kiti chake, akijikanda mguu.

Nikamimina kwenye kikombe cha Mahrukh. Akanywa yote, akajifuta mdomo.

"Yana ladha ya birika," akasema.

Shamim akasimama. Alimtazama mtoto kwa muda, akainua mkono kama anayetaka kumshika kichwa chake kisicho na nywele, kisha akaurudisha. Akavuta mtandio wake, akaenda mlangoni kwa miguu yake ile. Nilimwita, "Wifi." Hakugeuka. Akaufungua mlango kwa kiwiko, kama nilivyomwonyesha, akatoka.