Bajia kwa Bibi Kusum

Bibi Kusum alikuwa amegoma kula. Pale kwenye nyumba ya wazee ya Farsta, kitongoji cha Stockholm, ambako mimi ndiye mtaalamu wa lishe, alishapewa supu, uji, na vile vinywaji vya protini vyenye ladha ya chaki. Tunasema mgonjwa haulizwi uji. Huyu hakuulizwa, na bado aliusukuma. Daktari akasema hali ikiwa hivi hadi Jumatatu, atawekewa mpira wa kulishia puani.

Niliudhika. Bibi huyu ni Mhindi mzaliwa wa Mwanza, mimi ni Flaviana wa Bukoba. Nishindwe kumlisha mtu wa ziwa langu?

Jumapili sikwenda kanisani. Nilisaga dengu nilizoroweka, nikachanganya na kitunguu, kotimiri na pilipili mbichi, nikakaanga bajia, nikazipeleka zikiwa bado moto.

Lina, muuguzi wa zamu, alikunja uso alipoona karatasi imelowa mafuta.

"Mafuta ndiyo ninayoyataka," nikamwambia. "Aliyekonda hivi hahitaji saladi. Dengu zina protini na madini ya chuma, na chatini hii ya ndimu inausaidia mwili kuyapokea. Wauza bajia wa Kihindi walizipanga hivi kabla sijazaliwa."

Nikamgeukia mgonjwa. "Shikamoo, Bibi."

Alinusa, akavunja moja, akaitia kinywani. Nilisimama kama mwanafunzi anayesubiri matokeo.

"Nani alikufundisha?"

"Mama, Bibi. Naye alifundishwa na jirani yake Mhindi."

"Jirani mvivu huyo. Umesaga laini mno! Dengu hutafunwa, hazinywewi."

Stockholm nzima hakuna aliyewahi kuzisema vibaya bajia zangu, na damu ilinichemka. Lakini kila lawama ilifuatwa na bajia. Chumvi kidogo, akala. Kotimiri imelala, akala. Hasira ikaniisha, nikabaki na furaha tupu.

"Hiki ni chakula cha Kihindi?" Lina akauliza.

Kabla sijaanza kueleza, Bibi Kusum alimjibu kwa Kiswidi, mdomo umejaa.

"Cha kwetu," alisema, akanishika mkono kwa vidole vyake vya mafuta. "Mimi na huyu."

Miaka yote hii Waswidi wananiuliza kwetu ni wapi, na sijawahi kusikia jibu zuri kuliko hilo. Niliona fahari hadi machozi yakanitoka mbele ya Lina.

Jumatatu daktari alipofika, alimkuta Bibi Kusum anagomba kwamba chatini imekwisha.