Chanuo la Chuma

Mama Pacha aliketi kwenye benchi la kinyozi wa mbwa, kamba ya mbwa wake, Pamba, ameizungusha mkononi. Watu waliendelea kumwita Mama Pacha ingawa pacha wake walishakua na kwenda zao. Tangu mumewe azikwe, mambo yalimpitia kama redio ya jirani: sauti aliisikia, maneno hakuyashika.

"Wifi, leo ndiyo mwisho," alisema dada wa marehemu aliyeketi pembeni, akiinua kidole kilichofungwa bandeji. "Akimng'ata na kinyozi, kesho daktari wa mifugo anakuja na sindano ya kumuua. Nimeshaongea naye."

"Sawa."

"Sawa ndiyo neno lako siku hizi. Nikikuambia nyumba inaungua utasema sawa."

"Inaungua?"

Wifi akamtazama, kisha akacheka bila kutaka. Hakuwa mtu mbaya. Kilichomuuma si jeraha. Alimpapasa Pamba begani kama alivyokuwa akifanya kaka yake, na mbwa aliyekuwa akimkimbilia mlangoni miaka yote akageuka na kumng'ata. Siku chache baadaye nusura amng'ate muuza maziwa.

Kinyozi akawaita ndani. Alikuwa bwana mnene mwenye mikono ya polepole. Chumba kilinuka sabuni na manyoya mabichi. Mikasi ilikuwa imelazwa juu ya taulo, na meza ilitandikwa mpira mweusi ili miguu ya wateja isiteleze.

"Anang'ata?"

"Hang'ati," alisema Mama Pacha.

Wifi akainua kidole chake.

"Mama, niambie kweli. Wenye mbwa wote huniambia hang'ati, na mkono unaoingia mdomoni ni wangu."

"Anang'ata," alisema Mama Pacha. "Zamani hakuwa hivyo."

Kinyozi akamvalisha Pamba kitambaa cha kufunga mdomo, akampandisha mezani. Akapitisha kiganja mgongoni. "Huku juu pazuri. Unamchana?"

"Kila jioni. Kwa brashi."

Akapenyeza vidole kwapani. Pamba akaruka, akanguruma ndani ya kitambaa.

"Umeona sasa?" alisema wifi. "Ndiyo hivyo hivyo."

Kinyozi akainama. Aligawanya manyoya kwa vidole gumba viwili, akamwashiria Mama Pacha asogee. Chini ya manyoya yale meupe kulikuwa na kitu cha kijivu, kizito kama godoro kuukuu, kimegandamana na ngozi. Kwapani ngozi ilikuwa nyekundu, imechubuka.

"Kila akipiga hatua, haya yanamvuta," alisema kinyozi. "Ukimpapasa, yanamvuta. Ni kama mtu akushike nywele asikuachie mchana na usiku. Uliwahi kumwogesha?"

"Wageni wa msiba walisema ananuka. Nikamwogesha."

"Kabla ya kumchana mpaka kwenye ngozi?"

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa.

"Brashi laini inapita juu juu. Chini manyoya yanasokotana, wewe huoni. Maji nayo yakiyakuta hivyo yanayakaza, na yakishakauka hayachaniki tena. Nikiyavuta nitamtesa bure. Hapa ni kunyoa tu. Nyumbani hamna chanuo la chuma?"

Lilikuwepo. Mumewe alikuwa akiketi kwenye kigoda baada ya kula, akimchana Pamba tabaka kwa tabaka kuanzia kwenye ngozi, kama anayefunua kurasa, huku akibishana na msomaji wa habari redioni. Siku ya pili baada ya mazishi, Mama Pacha aliliona dirishani, manyoya meupe bado yamenasa kwenye meno yake. Akalifungia kwenye mtoto wa meza pamoja na miwani, akaenda dukani kununua brashi.

"Lipo," alisema. "Silitumii."



Mashine ikaanza kuvuma. Manyoya hayakudondoka vipande vipande. Yalitoka yameshikana, kama koti analovuliwa mtu. Ndani yake alibaki mbwa mdogo, mwembamba, wa rangi ya waridi, anayetetemeka. Masikio na mkia tu ndivyo vilivyobaki na manyoya yake.

"Msimcheke," alisema kinyozi akimfungua mdomo. "Wengine huona aibu. Na asikae juani, wala baridi isimpige, mpaka yaote."

Wifi akasogea. Akanyoosha mkono ule ule wenye bandeji, akautua begani, pale pale. Kinyozi akamshika Pamba shingo kwa tahadhari. Pamba akanusa bandeji, akashusha kichwa, akamwegemea.

"Kumbe alikuwa anaumwa," wifi alisema taratibu. "Unaishi naye ndani, wifi. Hukuona?"

"Sikuona."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Wifi akazidi kumpapasa mbwa begani.

"Basi hata mimi sikuona. Nilikuja na daktari mdomoni." Akajifuta pua kwa ukingo wa khanga. "Nitampigia asije."

Jioni, baada ya wifi kuondoka, Mama Pacha alifungua mtoto wa meza. Aliyatoa manyoya yaliyonasa, taratibu, asiyakate, akayalaza ndani ya kibweta cha miwani na kukifunga. Akaliosha chanuo, akalikausha kwa pindo la gauni. Akawasha redio, akavuta kigoda.

Pamba alikuja mwenyewe, amevishwa fulana ya marehemu iliyopindwa mikono. Ili kujua ukali wa chanuo, Mama Pacha aliyabonyeza meno yake kwenye kiganja. Yaliuma kidogo. Akazitazama alama zilizobaki kiganjani, akabonyeza tena. Kisha akashika sikio moja la Pamba, akaanza kuchana kuanzia kwenye ngozi.