Miche Minne ya Sabuni

Namukose aliacha zamu yake kiwandani Jinja bila ruhusa, akafunga chumba chao cha Walukuba, akawabeba watoto wawili hadi Mbale. Kufikia saa nne asubuhi alikuwa dirishani pa kituo cha polisi, miguu imevimba kwa kusimama basini. Mumewe, Enos Wanyama, dereva Mkenya, alikuwa ameketishwa chini uani, kando ya lori la jeshi. Kosa lake? Aliuza miche minne ya sabuni kwa bei inayozidi ya serikali. Na hiyo bei ya serikali, dukani hakuna hata povu! Alifungwa miezi sita hapa Mbale, akaimaliza yote. Sasa eti ni mhalifu mgeni, leo hii arudishwe kwao Kimilili, Kenya.

"Cheti ya ndoa iko wapi?" afande aliuliza.

"Tulioana kwa ng'ombe, afande. Baba yangu alipokea watano."

"Ng'ombe hana muhuri. Wewe raia, watoto raia, nyinyi bakia. Yeye kwenda. Weka kidole hapa."

Karani Masaba akamsomea karatasi, macho yameinama: mfungwa hana mke wala mtoto Uganda.

Namukose akarudisha mkono. "Hana? Na hawa niliwaokota sokoni Namatala?"

Watu wa foleni nyuma yake wakacheka, kisha wakaona bunduki za askari, wakatazama chini.

Huyu Masaba hakuwa mtu baki. Enos alitahiriwa kwa mjomba wake huko milimani, asubuhi moja na Masaba, uani pamoja, kwa kisu kilekile. Waliotahiriwa hivyo hawanyimani chakula wala hawakanani mpaka kufa. Kila Desemba Masaba alikuja Walukuba, akala akashiba.

"Masaba," Namukose akasema kwa sauti ya kusikika uani kote, "ukiandika hana mke, kile chakula ulikuwa unapikiwa na nani?"

"Shemeji, nyamaza, utaniponza."

"Sinyamazi ng'o!"

Afande akagonga meza. "Kama unamtaka sana, panda lori! Lakini ukivuka, kurudi hakuna."

Namukose aliogopa, tusidanganyane. Alikuwa na kazi ya miaka tisa, na mama mgonjwa kule Wanyange asiyejua lolote. Akamtazama Enos, amekonda mpaka shati si lake tena. Akafungua fundo la leso, akatoa ufunguo, akauweka mezani.

"Hiyo nyumba ya kiwanda, warudishieni. Nimeshaifagia. Haya, tuandike."

"Karatasi inasema mtu moja!" Afande hakutarajia jibu hilo.

Masaba akaivuta karatasi. Akakata lile neno "hana", akaandika mke na watoto wawili, majina yote, akagonga muhuri.

"Ulitaka muhuri, afande," alisema, akimsogezea karatasi. "Huo hapo."

Foleni nzima ilikuwa imeona. Afande akaitazama foleni, akaitazama karatasi, kisha akamvua Masaba mkanda. "Na wewe kaa chini pale."

Masaba akaenda kuketi palepale alipotoka Enos. Askari wakawapandisha wale wanne. Lori lilipoanza kutoka, Namukose alisimama, mtoto mgongoni, akashika ubao.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Desemba ni ileile! Jiko tu limehamia Kimilili!"

Askari akamwamuru akae. Hakukaa mpaka Masaba alipoinua mkono.